Sungura Aliyekomaa Hahitaji Mfuko Ghali

Miongoni mwa watu wanaofuga sungura nyumbani katika kaunti za Migori na Homa Bay, wawe ni watoto waliokabidhiwa mnyama wa kulea au watu wazima wanaomfuga kwa kumpenda tu bila nia ya kumchinja, imeota mizizi imani kwamba peleti bora ni ile yenye protini nyingi kuliko zote, na kwamba asiyeimudu bei yake hana budi kuridhia mnyama wake adhoofike. Imani hiyo ni potofu, na hasara yake ni ya pande mbili, kwa kuwa humtoa mnunuzi fedha asizopaswa kuzitoa na wakati huohuo humletea sungura maradhi ambayo nyasi za bure zingemkinga nayo. Ukweli ni kwamba peleti ya bei ya kawaida, yenye protini ya kadiri na nyuzinyuzi nyingi, ikitolewa kwa kipimo kidogo juu ya nyasi tele, humfaa sungura aliyekomaa kuliko peleti ghali inayojazwa bakulini asubuhi na jioni. Anayetafuta unafuu na aanze na kipimo, kisha ndipo auangalie mfuko.

Peleti ni tembe ndogo za chakula zilizotengenezwa kwa kusaga majani makavu, pumba, mashudu na nafaka, kisha kuushindilia mchanganyiko huo kwa mashine pamoja na madini na vitamini. Sungura aliyekomaa, kwa maana inayotumika hapa, ni yule aliyemaliza kukua, jambo ambalo kwa aina za wastani kama New Zealand White na California White hutimia akiwa na umri wa miezi sita au zaidi kidogo, na ambaye hana mimba wala hanyonyeshi vitungule. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa hoja yote, kwa kuwa mwili unaojenga nyama, mifupa au maziwa una madai yake, na mwili unaojihifadhi tu una madai mengine kabisa.

Chimbuko la imani hii si gumu kulitambua. Mfugaji wa Rongo au Oyugis aliyewahi kulea kuku wa nyama au ng'ombe wa maziwa amefunzwa kwa miaka mingi kwamba protini ndiyo inayoleta kilo na lita, naye huichukua hesabu hiyo na kuihamishia kwenye kibanda cha sungura bila kuihoji. Isitoshe, protini ndiyo kiungo kinachopandisha bei ya chakula cha mifugo nchini Kenya, ambako watengenezaji hutegemea sana soya na mashudu ya alizeti na pamba kutoka Uganda, Tanzania na Zambia, huku dagaa wa Ziwa Victoria, wale omena wanaoanikwa katika fuo za Mbita na Muhuru Bay, wakigombaniwa na viwanda vya chakula cha mifugo na walaji wa nyumbani. Kwa sababu hiyo mfuko wenye protini nyingi huwa ghali, na mnunuzi huona ughali huo kuwa ushahidi wa ubora, ingawa alicholipia ni kiungo ambacho mnyama wake hana kazi nacho.

Takwimu za kuivunja imani hii zimekuwapo kwa karibu nusu karne. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwongozo wake wa mahitaji ya lishe ya sungura uliochapishwa mwaka 1977, lilimpangia sungura anayenyonyesha chakula chenye protini ya asilimia 17 na yule anayekua asilimia 16, lakini kwa sungura anayejihifadhi tu likashuka hadi asilimia 12. Kwa upande wa nyuzinyuzi, yaani zile sehemu ngumu za mmea ambazo mwili hauzimeng'enyi kwa urahisi, mpangilio uligeuka, kwa kuwa wanaokua na wanaonyonyesha waliwekewa asilimia 10 hadi 12 ilhali anayejihifadhi aliwekewa 14. Madaktari wa mifugo wanaowahudumia sungura wa nyumbani wamekwenda mbali zaidi tangu wakati huo, na wengi wao leo hutaka peleti ya sungura aliyekomaa iwe na nyuzinyuzi za asilimia 18 au zaidi na protini ya asilimia 12 hadi 14. Kwa hiyo mfuko wa asilimia 17 ya protini unaosifiwa dukani ni chakula cha jike mwenye vitungule kinachouzwa kwa mnyama asiyekuwa navyo.

Sababu ya mpangilio huo imo katika utumbo wenyewe. Sungura ana mfuko mkubwa unaoitwa sekamu mahali utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, na ndani yake wanaishi vijidudu wanaochachusha chakula. Utumbo mpana huchambua kinachopita, ukizitoa nje haraka nyuzi kubwa zikiwa vidonge vikavu vya mviringo, na kuzirudisha chembe ndogo na majimaji kwenye sekamu, ambako hugeuzwa kuwa kinyesi laini cha vipunje vilivyoshikamana ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mkunduni na kujipatia humo protini na vitamini za vijidudu hao. Mnyama huyu, kwa maneno mengine, hujitengenezea sehemu ya protini yake mwenyewe, na nyuzi ndefu ndizo zinazousukuma utumbo uendelee kutembea. Nyuzi zikipungua na wanga ukizidi, mwendo wa utumbo hulegea, vijidudu wabaya huongezeka na gesi hujaa, na kwa kuwa sungura hawezi kutapika, utumbo uliosimama unaweza kumuua kwa siku moja au mbili.

Hapa ndipo hata peleti nzuri inapofikia kikomo chake, kwa sababu nyuzi zake zimesagwa na hazifanyi kazi ya ubua wa nyasi. Meno ya sungura hayakomi kuota, na yale ya mbele huongezeka kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, hivyo yanahitaji kusuguliwa kwa saa nyingi kila siku na majani magumu yanayotafunwa kwa kuupeleka utaya upande huu na huu. Peleti hupondwa kwa dakika chache na kumezwa, na mnyama aliyeshiba kwayo haoni haja ya kugusa nyasi. Magego yasiyosuguliwa huota ncha zinazochoma ulimi na mashavu, na mwenye mnyama huona tu kwamba sungura ameacha kula, kisha humwongezea peleti nyingine.

Protini na nishati zinazozidi nazo huacha alama zinazoonekana. Sungura mnene hashindwi kukimbia tu, bali hushindwa pia kujipinda hadi kukifikia kinyesi chake laini, kikagandamana kwenye manyoya ya nyuma na kuwaita nzi, huku uzito wake ukimletea vidonda chini ya miguu, hasa pale sakafu ya kibanda ni ya waya. Nitrojeni ya protini isiyotumika hutoka kwa mkojo, na harufu kali ya amonia inayomkaribisha mtu kibandani mara nyingi ni protini iliyonunuliwa kwa bei kubwa na kumwagwa sakafuni. Kalsiamu ina kisa kinachofanana na hicho, kwa maana sungura hufyonza karibu yote iliyomo chakulani na kuitoa ya ziada kupitia figo, hivyo peleti iliyojengwa zaidi kwa alfalfa, mmea wa jamii ya kunde wenye kalsiamu nyingi, inaweza kumletea aliyekomaa mkojo mzito mfano wa chokaa.

Hesabu ya fedha nayo inasimama upande uleule. Kipimo kinachopendekezwa sana kwa sungura wa nyumbani hakizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo sungura wa kilo 4 hupata gramu 100 kwa siku, sawa na kilo 3 kwa mwezi. Akijaziwa bakuli ale apendavyo, anaweza kufikia gramu 200, nazo ni kilo 6 kwa mwezi, kumaanisha kwamba kipimo peke yake kinaikata gharama kwa nusu kabla hata ya bei ya kilo kujadiliwa. Maelekezo ya gramu 150 yanayosikika mara kwa mara yalipangwa kwa ajili ya wafugaji wa nyama na wa kuzalisha, ambao biashara yao haibishaniwi hapa. Hata ule ujanja wa kununua mfuko wa kilo 50 kwa bei ya jumla hugeuka hasara kwa mwenye sungura mmoja, kwa kuwa mfuko huo utamchukua siku 500 kuumaliza, ilhali vitamini za peleti hufifia na ukungu huingia ndani ya miezi michache, hasa katika hewa yenye unyevu ya pwani ya ziwa.

Wapo wanaolikimbia kosa hili na kuangukia lingine, nao ni wale wanaompa sungura mashi ya kuku kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Unafuu wa namna hiyo ni hatari. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya takriban asilimia 3.5 au zaidi kwa ajili ya maganda ya mayai, kimejaa wanga wa mahindi, na nyuzinyuzi zake ni kidogo mno. Zaidi ya hayo, baadhi ya vyakula vya vifaranga na kuku wa nyama hutiwa dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo, na baadhi ya dawa hizo, kama vile narasini, ni sumu kwa sungura.

Dukani, basi, mnunuzi ana kazi ya kutumia macho, pua na vidole. Lebo isomwe kwanza kwenye mstari wa nyuzinyuzi ghafi, na itazamwe kama asilimia iliyoandikwa ni ya chini au ya juu, kwa sababu kwa kuku nyuzinyuzi ni kasoro inayowekewa ukomo wa juu, ilhali kwa sungura kinachohitajika ni dhamana kwamba hazitapungua kiwango fulani. Tarehe ya kutengenezwa ifuate, hata pale chakula kinapopimwa kwa kilo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa. Kisha tembe chache zishikwe mkononi: zilizo nzuri zina rangi ya kijani iliyofifia au kahawia, zinanukia kama majani makavu, na zinavunjika kwa kubanwa badala ya kumomonyoka zenyewe. Unga mwingi chini ya mfuko ni chakula ambacho sungura atakikataa, na harufu ya uvundo ni ya kukimbiwa, kwa kuwa ukungu wa mahindi na mashudu ya karanga unaweza kubeba aflatoksini, sumu inayoharibu ini. Punje za mahindi, mbegu na vipande vya rangi rangi vilivyochanganywa na tembe ni pambo linalolipiwa, maana sungura huchagua vitamu na kuacha vyenye faida.

Kilichobaki cha mlo, ambacho ndicho kikubwa, kinaota kaunti hizi zenyewe. Katika kituo cha utafiti cha icipe kule Mbita, Homa Bay, ndiko ulikokuzwa tangu miaka ya 1990 mfumo wa kilimo unaojulikana kama vuta-sukuma, ambamo desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na nyasi kama nepia au brakiaria huzungushwa pembeni ili kudhibiti viwavi wa bua na kiduha. Mkulima aliyeupokea mfumo huo ana nyasi za kuutembeza utumbo wa sungura na jamii ya kunde ya kumwongezea protini kidogo, bila kutoa shilingi. Huko Kabondo, ambako viazi vitamu ni zao la kutajika, majani yake yaliyonyaushwa kivulini huwa nyongeza nzuri kwa kiasi. Tahadhari ni chache lakini za lazima: majani yasikatwe kando ya mashamba ya tumbaku yaliyonyunyizwa dawa wala karibu na mahali zebaki inapotumika kusafishia dhahabu huko Macalder, na yale ya parachichi na lantana yasitolewe kabisa.

Watetezi wa bakuli lililojaa huuliza sungura atakula nini nyasi zinapokauka mwezi wa Januari na Februari, na swali hilo ni la haki. Jibu lake ni nyasi kavu, zilizokatwa mvua ilipokuwapo kabla hazijakomaa sana, zikakaushwa hadi zikanukia badala ya kuvunda, au nyasi za Rhodes zinazouzwa kwa marobota, ambayo moja tu humtosha sungura mmoja kwa wiki kadhaa. Huongeza pia kwamba majani mabichi humvimbisha tumbo, nao husahau kwamba kinachovimbisha ni mabadiliko ya ghafla, ndiyo maana chakula chochote kipya, peleti ikiwamo, huingizwa kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za ufugaji, hivyo maafisa wa mifugo wa Migori na Homa Bay ndio wanaopaswa kuwafundisha wananchi kumtenganisha sungura wa kulelewa na sungura wa biashara, huku Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) likiwa na wajibu wa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kilichomo. Hayo yakisubiriwa, mnunuzi ana swali la kuuliza kabla ya kuuliza bei, nalo ni kiwango cha chini cha nyuzinyuzi katika peleti zile. Muuzaji asiyeweza kulijibu hakijui anachokiuza, na mfuko wake, uwe ghali au rahisi, hauna sababu ya kununuliwa kwa ajili ya sungura aliyekomaa.