Neno la Kiingereza Hujulikana kwa Kazi Yake

Wanafunzi wenzangu, kila jioni wakati wa kujisomea huwasikia wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakikariri orodha: table ni jina, run ni kitenzi, good ni kivumishi. Kwa maoni yangu, jasho hilo lamwagika bure.

Neno la Kiswahili aghalabu huja na alama yake. Ukisikia “anakimbia” wajua ni kitenzi. Ukisikia “mkimbiaji” wajua ni jina. Neno la Kiingereza mara nyingi halivai sare; hujulikana kwa mahali lilipokaa. Tazameni neno fast. He is a fast runner: hapa ni kivumishi. He runs fast: ni kielezi, laeleza jinsi anavyokimbia. Muslims fast in Ramadan: ni kitenzi. The fast ends at sunset: ni jina. Neno moja, kazi nne! Aliyekariri orodha atajibu nini?

Wengine watasema orodha huongeza maneno kichwani. Ni kweli, lakini masomo yetu mengi, hata Bayolojia na Historia, yameandikwa kwa Kiingereza. Asiyeweza kuifumbua sentensi atakosa yote.

Basi tusiulize, “Neno hili ni nini?” Tuulize, “Linafanya kazi gani hapa?” Nasi wa kidato cha nne tutoe nusu saa kila Jumamosi, tukae na wadogo zetu, tuwafunze kwa sentensi nzima kabla hatujaondoka.