Mshauri wa kukusaidia kuacha, bila kukuondolea dini yako

Kimya kimekuwa kirefu najua, mitihani ilinibana na bumu nalo likachelewa. Leo nina la moyoni.

Mwenzangu wa chumba hapa hosteli amenipa ruhusa niandike, sharti jina lisionekane. Mtasema huyo "mwenzangu wa chumba" ni mimi mwenyewe. Semeni tu.

Jamaa alikuwa hawezi kuacha kuangalia video za X. Siyo ile ya kuangalia mara moja mkacheka na washkaji. Usiku kucha na simu chini ya shuka, bando la wiki linakata Jumanne, pindi la saa moja asubuhi halioni, majaribio mawili kayakosa. Na huyu ni kijana wa swala tano, Ramadhani ndiye anayesimamia futari ya ghorofa yetu nzima! Alishaapa, alishafunga Jumatatu na Alhamisi, simu moja aliibamiza ukutani mbele yangu. Anakaa wiki tatu, anarudi kulekule.

Mwaka jana akaamua kutafuta mtu wa kumsaidia. Mshauri wa kwanza alikuwa msomi, ofisi safi, feni inazunguka. Alisikiliza kama dakika kumi akamwambia tatizo si video, tatizo ni dini inayomjaza hatia, vijana wote wanaangalia, ajilegeze. Jamaa alirudi amenyong'onyea. Alikwenda kuomba msaada wa kuacha, akaambiwa aache kutaka kuacha.

Wa pili alikuwa wa dini yake, alielekezwa na watu wa msikitini. Saa nzima ni mawaidha, halafu akaambiwa ana jini na aoe upesi. Aoe kwa bumu lipi jamani? Na sisi wa kanisani tusicheke, maombi ya kufunguliwa ya namna hiyo nimeyaona, mtu anaanguka sakafuni, anainuka na tatizo lake lilelile. Sisemi maombi hayana kazi, mimi mwenyewe naomba. Ila mtu akivunjika mguu tunamwombea na hospitali tunampeleka.

Wa tatu sasa. Mama mmoja Mkatoliki, rozari iko mezani. Jamaa nusura ageukie mlangoni. Swali la kwanza la yule mama: dini yako inasemaje kuhusu jambo hili, na wewe mwenyewe unataka kufika wapi? Akasema anataka kuacha kabisa. Mama hakubishana, akaandika. Kisha akaanza kumhoji kama fundi anayetafuta waya ulipokatika: unaangalia saa ngapi, umetoka kufanya nini, nani kakupigia? Ikaja kuonekana ni zile siku nyumbani wanapopiga kuomba hela ya ada ya wadogo zake. Akamfundisha kwamba msukumo unapanda na kushuka wenyewe, kazi yake ni kuungoja upite badala ya kupigana nao. Simu sasa inalala mezani kwangu kuanzia saa nne usiku. Na alfajiri, wakati uliokuwa mbaya kuliko zote, anatoka kwenda msikitini na mwenzake wa chumba cha jirani.

Mambo mawili yalikuwa yanamkwaza. Moja, dini yake inataka mtu asitiri dhambi zake, asizitangaze. Alimuuliza shehe, akajibiwa kumweleza tabibu ili utibiwe si kujitangaza. La pili ni kukaa faragha na mwanamke. Alimwambia yule mama waziwazi, wakahamia chumba chenye mlango wa kioo, karani yuko nje anawaona ila hawasikii. Dakika mbili, yakaisha.

Yule wa kwanza nimpe haki yake kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka tatizo la tabia za ngono zisizodhibitika kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Halikuwekwa kwenye kundi la uraibu, limewekwa kwenye matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Na imeandikwa kwamba kuumia moyo kwa sababu tu unaona ni dhambi hakutoshi kukuita mgonjwa. Sawa. Lakini jamaa alikuwa anakosa vipindi na mitihani, kajaribu kuacha mara kibao, na ni zaidi ya mwaka. Msomi hakuuliza hayo, alisikia neno "haramu" akafunga faili.

Kwa hiyo maoni yangu: msianze kwa kuuliza mshauri anasali wapi. Pigeni simu kabla ya kulipa, muulizeni kasomea nini, kashawahi kuhudumia mwenye shida hii, na mkimwambia dini yenu inakataza atawasaidia kuacha au atawashawishi mzoee. Sauti yake tu itakujibu. Kama huna hela, anza kwa mlezi wa wanafunzi, vyuo vingi vina washauri nasaha wa bure.

Jamaa hajapona moja kwa moja. Mwezi uliopita aliteleza usiku mmoja, akaenda kumwambia yule mama, naye akauliza tu, "Nani alipiga simu siku hiyo?"

Simu yake ipo hapa mezani ninapoandika, na mimi Mlutheri ndiye ninayeamshwa na adhana yake kila siku saa kumi na moja. Haya, maji yametoka, nakimbilia bafuni kabla ya foleni.