Kikulacho ki Nguoni: Kiswahili na Kamsa ya Seli

Kumekuwepo na dai la muda mrefu, hata miongoni mwa wapenzi wa Kiswahili, kwamba lugha hii hustawi katika ushairi, tamthilia na siasa, bali hukwama ifikapo mlangoni mwa maabara. Makala haya yanalipinga dai hilo kwa kuangazia uwanja mmoja wa biolojia unaogusa uhai wa wengi: jinsi seli inavyotambua dhiki na kutoa ishara, na jinsi ishara hizo zinavyoweza kuzaa maradhi.

Kikwazo cha kwanza ni istilahi yenyewe. Mfasiri mwenye pupa atalikimbilia neno "msongo". Lakini kwa mzungumzaji wa kawaida, msongo ni wa mawazo. Mgonjwa wa kisukari akiambiwa kwamba seli zake zina msongo, ataondoka akiamini kuwa maradhi yake yametokana na kuwaza mno, nao jamaa zake watamlaumu kwa kutotuliza moyo. "Dhiki ya seli" ni istilahi iliyo bora, kwa maana dhiki humfika hata aliyetulia. Ama ishara zinazofuata dhiki hiyo, Kiswahili tayari kina neno lisilohitaji kamusi: kamsa.

Kamsa hii iligunduliwa kwa sadfa. Mwaka wa 1962, mtafiti Mwitaliano, Ferruccio Ritossa, alichapisha taarifa kuhusu seli za nzi wa matunda zilizopata joto kupita kiasi. Sehemu fulani za kromosomu zilikuwa zimefura, ishara kwamba jeni zilizolala zimeamka. Baadaye ilibainika kuwa jeni za aina hiyo huunda protini elekezi, ambazo kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine kujikunja sawasawa, mithili ya somo amwongozaye mwari. Protini isiyokunjika vyema haifai kitu, na zikirundikana huidhuru seli. Mnamo 1993, Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila mmoja na kundi lake, waliitambua protini iitwayo IRE1, ambayo huhisi mrundiko huo na kupiga kamsa. Mwaka wa 2014, wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Lasker kwa utafiti wao.

Kamsa ikilia, seli hupunguza uundaji wa protini mpya, huongeza protini elekezi na kuziondoa zilizoharibika. Huko ndiko kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Hata hivyo, dhiki isipokoma, kamsa iyo hiyo hugeuka kuwa amri ya seli kujiua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mfano bora ni kisukari cha aina ya pili. Mwili unapoacha kuiitikia insulini ipasavyo, seli za kongosho hulazimika kuiunda kwa wingi zaidi. Kazi hiyo huzitia dhikini, kamsa hulia bila kukoma, na hali hiyo ni mojawapo ya sababu za seli hizo kudhoofika na kufa. Aidha, wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika jeni ya PERK, mpiga kamsa mwingine. Wenye ugonjwa huo, uitwao Wolcott-Rallison, hupata kisukari wangali wachanga, aghalabu kabla ya kutimiza miezi sita, kwa kuwa seli zao hazijui wakati wa kupunguza kazi. Kwa hivyo, kamsa isipolia ni maradhi. Ikilia bila kikomo ni maradhi pia. Seli za saratani nazo huitumia kamsa hiyo kujihami na kuendelea kuishi katika mazingira magumu.

Ni dhahiri basi kwamba tiba haiwezi kuwa kuizima kamsa tu. Maana hiyo imo ndani ya neno lenyewe: mwenye busara asikiapo kamsa hamzibi mdomo aliyeipiga, bali huutafuta moto.

Wako watakaosema kwamba majina kama IRE1 na PERK si ya Kiswahili. Ni kweli, wala si hoja. Lugha zote hukopa majina; kinachopimwa ni uwezo wa kueleza, na uwezo huo Kiswahili kinao. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini Kenya, lakini hadhi ya kikatiba haimfafanulii mgonjwa maradhi yake. Kazi hiyo ni ya wanafunzi wa Kiswahili na wa biolojia, ambao husoma katika chuo kimoja bila kuketi meza moja. Hima waketi. Mgonjwa aliyepewa neno lisilofaa hubeba maradhi yake, na juu yake akabeba lawama isiyokuwa yake.