Kadi ya dukani haijui mbao za mteja

Mteja akiingia kwenye karakana za mbao za Keko, Dar es Salaam, au zile za kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, mara nyingi swali la kwanza analokutana nalo ni la rangi. "Mama, tukupigie mahogani, mtiki au kahawia?" Anaoneshwa kadi yenye vipande vidogo vya rangi, au picha kwenye simu, na ndani ya dakika chache anachagua rangi ya sakafu atakayoikanyaga kwa miaka mingi. Kwa meza, kosa la rangi linavumilika, maana meza hurudishwa karakanani. Sakafu hairudishwi.

Swali hilo huja mapema mno. La kwanza lingepaswa kuwa: hii ni mbao gani? Rangi ya mbao haifuniki kama ya ukutani. Inapenya na kuchanganyika na rangi ya asili ya mti, kwa hiyo kopo moja likipakwa kwenye paina ya Mufindi na kwenye mninga wa Tabora litatoa sakafu mbili zisizojuana. Mninga una wekundu wake, na ukipakwa kijivu kwa sababu tu kijivu kinapendeza kwenye picha za nyumba za Ulaya, mara nyingi unaishia na zambarau ambayo hakuna aliyeiomba. Paina nayo hunywa rangi bila usawa: sehemu laini zinakolea, mistari migumu inabaki myeupe, sakafu inajaa mabaka. Fundi anayeijua paina huipaka kwanza sila (sealer) iliyopunguzwa makali, ndipo rangi ifuate.

Kuna mbao ambazo jibu sahihi kwazo ni kutopaka rangi kabisa. Muhuhu, mti wa misitu mikavu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, ni mgumu na mzito kiasi kwamba vipande vyake vilitumika kwa sakafu zinazokanyagwa na watu wengi. Leo umepungua sana misituni, ukiwa umekatwa pia kwa ajili ya vinyago. Mwenye nyumba ya zamani aliyerithi sakafu ya muhuhu ana mali asiyoweza kuinunua tena kirahisi, na fundi anayeifukia chini ya rangi nyeusi anamnyang'anya mali hiyo huku akimlipisha. Msasa na vanishi isiyo na rangi vinatosha. Mvule nao unastahili subira. Ukiwa mpya huwa na unjano unaowaudhi wateja wengi, lakini mwanga huugeuza kuwa kahawia ya dhahabu. Mteja aambiwe hivyo kabla hajanunua kopo.

Jambo moja ambalo kadi haiwezi kulionesha ni msasa. Mbao iliyosuguliwa kwa msasa laini sana hunywa rangi kidogo kuliko iliyoishia kwenye msasa wa kukwaruza, ndiyo maana kingo za chumba, zinazosuguliwa kwa mkono au mashine ndogo, hutoka tofauti na katikati.

Dawa ya haya yote ni jaribio, tena kwenye sakafu yenyewe baada ya kupigwa msasa. Rangi tatu zinatosha, kila moja kwenye eneo la upana wa angalau sentimita 30, na juu yake vanishi itakayotumika kweli, kwa sababu vanishi ya mafuta huongeza unjano na ile ya maji huongeza kidogo mno. Mteja azitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Taa nyeupe kali zilizojaa majumbani siku hizi huifanya kahawia ipooze. Taa za unjano huipasha joto. Aulizwe pia anavyoishi. Sakafu nyeusi inapendeza sana siku ya kukabidhiwa, lakini kwenye nyumba yenye watoto, mbwa na mchanga wa pwani unaoingia na viatu, kila mkwaruzo na kila vumbi vitaonekana. Kahawia ya wastani huficha mengi.

Wapo mafundi watakaosema mteja ndiye anayelipa, basi apewe anachotaka. Hoja hiyo haina uzito. Mteja analipia pia ujuzi wa kutambua mbao, ujuzi ambao yeye hana. Kufuta rangi isiyofaa ni kusugua chumba kizima upya hadi kufikia mbao tupu, na kila msuguo hula unene. Mbao nzima inaweza kuvumilia mara kadhaa. Ile ya kubandikwa, yenye tabaka la juu la mbao halisi la milimita 2 au 3, huenda isivumilie zaidi ya mara moja. Fundi anayenyamaza ili asimuudhi mteja anamwachia hasara hiyo.

Muda wa jaribio na gharama yake viandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, visiwe hisani ya fundi. Mteja akishachagua, andiko lile lile litaje jina la rangi, idadi ya mikono, aina ya vanishi na namba ya msasa wa mwisho, pande zote mbili zitie saini, na kipande cha mbao ile ile kilichopakwa hivyo hivyo kihifadhiwe hadi siku ya kukabidhi kazi.