Usajili wa Programu na Haki ya Msahaulifu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa mwaka 2023 na FTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara na kulinda wateja. Ilidaiwa kuwa watu waliingizwa katika usajili wa Prime bila ya ridhaa iliyo wazi, kisha njia ya kutoka ikarefushwa. Wenyewe ndani ya kampuni waliiita Iliad, jina la utenzi mrefu wa vita wa Wayunani. Kampuni haikukiri kosa, lakini bilioni 1.5 kati ya fedha hizo ni za kuwarudishia wateja.

Mitego ya namna hii humuumiza zaidi mwenye ADHD. Hali hii si uvivu wala upungufu wa akili. Inagusa umakini, kumbukumbu na hisia ya muda. Mtu huchukua jaribio la bure la siku saba, akanuia kulisitisha, na siku ya saba ikampita. Hata programu za kupanga ratiba zinazotangazwa kwa watu hao hao, baadhi yake huuzwa hivyo hivyo.

Husemwa: si amekubali masharti? Tunasema, usajili unaojirudia si haramu kwa dhati yake. Bei na muda vikijulikana, na mlango wa kutoka ukiwa wazi, ni makubaliano halali. Wala kusahau hakufuti deni: msahaulifu husamehewa dhambi, ama haki za watu hubaki. Aliyetumia huduma, alipe.

Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 29, imekataza kuliana mali kwa batili na ikashurutisha biashara ya kuridhiana. Na katika Sunan Abi Daud, Anas (r.a.) anasimulia habari za mtu aliyekuwa dhaifu wa maamuzi katika biashara. Jamaa zake walitaka azuiwe. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza, naye akasema hawezi kuvumilia. Basi hakufukuzwa sokoni, bali alifundishwa atamke wakati wa mauziano kwamba hakuna kuhadaana. Udhaifu wake haukuwa ruhusa kwa muuzaji.

Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu aliyepunjika: kwa Imamu Shafi'i, kupunjika peke yake hakumpi hiari ya kuvunja mauziano, Imamu Ahmad humpa kukipita kiasi. Ama ghishi, wote wameiharamisha.

Na hapa ndipo penye uzito. Kampuni ina uwezo wa kuona kuwa akaunti haijafunguliwa miezi sita. Ikinyamaza makusudi huku ikikata fedha, na faida yake ikajengwa juu ya usahaulifu huo, kwa maoni yetu imeingia katika batili.

Vijana wetu wanaotengeneza programu wamkumbushe mteja kabla ya kukata, watoke naye kwa wepesi ule ule walioingia naye, na warudishe malipo ya miezi isiyotumika. Na mwenye ADHD asitishe siku ile ile anayojiunga, pale huduma inapoendelea hadi muda wake kwisha, na amwombe jamaa mwaminifu apitie naye makato ya benki kila mwezi. Jamaa huyo amsaidie bila ya kumdharau.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.