RIPOTI BILA JIBU SI RIPOTI



Wako waajiri siku hizi ambao hawataki tena habari za hatari ziandikwe kitabuni. Mlinzi, dereva au mpishi aonapo jambo la kutisha, huambiwa afungue programu katika simu, ajaze habari, kisha abonyeze "Tuma". Sisi hatuipingi mashine. Wakenya wenyewe walianzisha Ushahidi mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Watu wakatuma habari kwa simu, zikaonyeshwa katika ramani. Jambo jema. Lakini maswali yanayoulizwa juu ya programu hizi ni mengi, na yatupasa kuyajibu.

La kwanza: ripoti imekwama, haiendi. Mara nyingi ni mtandao. Katika Kaskazini Mashariki minara ya simu imeshambuliwa na kuharibiwa mara kwa mara. Programu nyingi huiweka ripoti ndani ya simu hata mtandao urudi. Basi usiifute, wala usiandike nyingine, tukio moja lisije likahesabiwa mawili. Lakini hatari iliyo mlangoni haingoji mtandao. Piga 999, tumia redio, au tuma mtu mbio. Programu itajazwa baadaye.

La pili: nimekosea saa au mahali. Tafuta namba ya ripoti ile ile, uongeze masahihisho. Tena tenga uliyoyaona na uliyoambiwa. Wala usimwandike mtu kwa sababu ya kabila lake au nguo zake; andika alilotenda. Watu wengi wasio na hatia wamepata taabu katika nchi hii kwa kushukiwa hivyo.

La tatu: nani atakayeliona jina langu? Hili wengi huogopa kuliuliza, na wana haki ya kuogopa, maana mtoa habari aliyejulikana yumo hatarini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakupa haki ya kujua habari zako zatumiwa kwa kazi gani, na kutaka zilizo na makosa zisahihishwe. Ulizeni kabla ya kubonyeza.

La nne ndilo kidonda. Simu yasema "Imepokelewa", kisha kimya. Ugonjwa huu hauponi kwa kuzima simu na kuiwasha tena. Ni wa ofisini.

Sisi tunaokaa hapa tunajua bei ya kimya. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na maonyo ya kwamba vyuo huenda vikashambuliwa yalikuwa yametolewa siku zilizotangulia. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, mahali walipokwenda kufundisha watoto wa watu. Hatusemi programu ingewaokoa. Twasema onyo lisilo na mtu wa kulitendea kazi ni maneno matupu, yawe kitabuni au katika simu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu mkubwa wake aonapo hatari kubwa iliyo karibu. Na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali hapo wakati hatari ingalipo. Sheria hiyo hiyo yakataza kumwadhibu aliyelalamika juu ya usalama wake.

Kwa hiyo twadai mambo manne. Kila ripoti ipewe namba, na mtoaji aipate. Awepo mtu anayejulikana wa kuisoma, usiku na mchana, naye ajibu siku ile ile amefanya nini. Kitabu kisiondolewe, kwa ajili ya mwenzetu asiye na simu ya namna hiyo au asiyejua kusoma. Na asifukuzwe mtu kwa kusema aliyoyaona.

Nanyi wanachama, fanyeni sehemu yenu. Kila mtumapo ripoti, andikeni namba, tarehe na saa katika daftari, na mkikosa jibu leteni daftari hilo kwa mwakilishi wa chama kazini kwenu. Mmoja akilalamika ataambiwa simu yake ni mbovu. Tukienda na madaftari ishirini, hakuna atakayeisingizia simu.