Binti Amebeba Mkoba wa Afya, Umkataze?

Mama mmoja alinisimamisha majuzi tukitoka kanisani. Bintiye amemaliza kidato cha nne na sasa ni mhamasishaji wa afya ya jamii. "Anazunguka milango ya watu kutwa kucha kwa pesa za sabuni," alilalamika. "Nimkataze?"

Bila shaka unawafahamu wahamasishaji hawa. Huuliza kama mtoto amemaliza chanjo, kama choo kipo, kama babu anameza dawa zake za presha. Pengine nawe umewahi kumfungulia mmoja wao mlango nusu, ukajifanya una haraka.

Mpango wa kupeleka huduma za afya hadi nyumbani ulianzishwa nchini mwaka wa 2006, na kwa miaka mingi wengi wao walijitolea tu. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha wahamasishaji wapatao 100,000. Kila mmoja hutazamia nyumba 100 hivi. Walipewa mkoba wenye mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari, na utepe wa kupima mkono wa mtoto ili kujua kama ana utapiamlo. Posho iliwekwa kuwa Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kwa serikali kuu na nusu kutoka kwa kaunti.

Posho, mama, si mshahara. Katika kaunti kadhaa imewahi kuchelewa kwa miezi. Na anayedhani binti atapandishwa cheo kwa kuzunguka tu anajidanganya. Anayemsimamia ni msaidizi wa afya ya jamii, mtu aliyesomea kazi hiyo. Afisa wa afya ya umma, yule anayekagua vichinjio na mikahawa, naye amekaa darasani miaka kadhaa.

Hata hivyo usimkataze. Msichana aliyemfuatilia mgonjwa wa kifua kikuu miezi sita mpaka akamaliza dawa ana elimu ambayo wenzake wataikuta vitabuni tu. (Na watu wa mtaa wamekwisha kumwamini, jambo ambalo hakuna chuo kinachouza.) Mwambie aweke kila cheti cha semina, na amwombe muuguzi msimamizi wa zahanati barua. Kisha mketi, baba akiwepo, mpige hesabu ya karo. Vyuo vya KMTC vimetapakaa katika kaunti nyingi na hufundisha afya ya jamii. Bodi ya HELB nayo imekuwa ikiwakopesha wanafunzi wa huko, si wa vyuo vikuu pekee. Msiuze ng'ombe kabla ya kuuliza.

Mama yule aliondoka bila kunijibu. Jumapili iliyofuata aliniambia bintiye anajaza fomu. Mkoba bado anaubeba, na wiki hiyo alimpima mamake presha, akamtuma zahanati siku iyo hiyo.